Miaka Kumi na Moja Nyuma ya Elgi

Jumatatu, 16 Oktoba

Barua imefika. Fupi mno. Kampeni ya taifa ya kuchangia visima inanishukuru kwa moyo wangu, lakini kwa video za kuchekesha za mwaka huu wamechagua "sura ambazo watu wanazijua". Wamenishauri nibebe kopo la mchango mtaani kwetu Jumapili, kama mwananchi mwingine yeyote. Kopo! Mimi, Oddgeir Myklebostad!

Sura yenyewe ni ya Frode Langseth, nani mwingine. Miaka kumi na moja tulicheza pamoja elgi wa televisheni, kila Jumamosi jioni, nchi nzima ikivunjika mbavu. Elgi wa msituni, yule paa wa nchi za baridi mwenye pembe pana kama sinia, ni mkubwa kuliko ng'ombe, kwa hiyo wetu alikuwa vazi la watu wawili. Frode alikuwa kichwa na pembe. Mimi nilikuwa makalio. Pamoja na miguu ya nyuma na mkia, uliovutwa kwa kamba. Leo kichwa kinaitwa msanii. Makalio yanaitwa mwananchi mwingine yeyote.

Hawanijui hawa.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimeitazama video ya Frode. Amekaa ndani ya bafu kavu, kofia ya kuogea kichwani, sabuni mkononi, anasubiri maji. Bomba linakohoa. Anasubiri. Anaanza kuota ndevu. Mwisho anasema kuna wanaosubiri hivyo tangu wazaliwe.

Nimecheka mara mbili. Nimejilaani mara mbili.

Jioni dada Gunnvor amekuja akiwa hoi. Yeye ndiye mkuu wa mchango hapa Elvedal. Mji umegawanywa njia sitini na mbili, kila njia mtu mmoja na kopo lake, mlango kwa mlango. Njia kumi na tisa hazina mtu. Sababu ni uwindaji: wiki hii kila mwenye miguu yuko msituni anamvizia elgi. Upande wote wa Skogli hautagongewa hodi, na wazee wa kule huwa wameshachoma maandazi yao bapa ya kubanwa kwenye chuma cha moto, wanasubiri. Gunnvor amesema kwa uchungu kabisa kwamba kila njia tupu ni sehemu ya kisima ambacho hakitachimbwa.

Nimempiga bega. Nimemwahidi watu kumi na tisa kabla ya Jumapili. Kwa njia gani? Kwa video yangu. Ameniambia, "Mdogo wangu, usinisaidie. Nakuomba."

Wivu tu.

Alhamisi, 19 Oktoba

Maandalizi yamekamilika. Vazi letu la zamani lilikuwa stoo ya ukumbi wa mji. Nimeliazima bila kusumbua watu kwa kuwaomba. Safari hii MIMI ni kichwa. Sehemu ya nyuma nimeijaza mito minne ya Gunnvor.

Hadithi ni hii: elgi anafika kijitoni, anakuta pamekauka, anaanza kufoka kama mteja aliyeuziwa samaki mbovu. Papo hapo ana kiu, papo hapo ana hasira, papo hapo anawaambia watu wabebe makopo. Frode ana bafu. Mimi nina msitu mzima!

Gunnvor amepiga simu kuuliza mito yake iko wapi. Nimelazimika kusema. Kisha ameuliza kama najua ni msimu gani huu. Nimejibu: wa vuli. Amenisihi basi nivae juu yake ile fulana ya rangi ya chungwa wanayovaa watu msituni ili wasipigwe risasi. Nimemwuliza amewahi kuona wapi elgi amevaa fulana. Sanaa ina masharti yake.

Ijumaa, 20 Oktoba

Naandika nikiwa kitandani. Mguu umefungwa bendeji. Sijutii chochote.

Saa mbili asubuhi nilikuwa msituni. Simu nikaitegesha kwenye jiwe, nikavaa kichwa, nikaanza kufoka. Nilifoka vizuri ajabu. Nilifoka hadi msitu ukaitikia. Baada ya saa nzima nikachoka, nikakaa juu ya kisiki, nikakunja nne, nikatoa chupa ya kahawa na mkate wangu wa jibini ya kahawia. Kahawa nilikuwa naipitisha kwenye mdomo wa elgi, kazi inayotaka ustadi.

Ndipo akatokea mbwa. Mbwa wa kuwindia. Hawa hawang'ati, wanamzunguka elgi na kubweka hadi mwenye bunduki afike. Nikamwambia nenda nyumbani. Akabweka. Nikamrushia jibini. Akala, akabweka. Nikapanda msonobari. Mito minne haipandi msonobari. Nikaanguka.

Nyuma yangu nikasikia mtu anacheka hadi anakosa pumzi. Alikuwa Fadumo, daktari wetu wa meno. Alikuja hapa miaka thelathini iliyopita kutoka Somalia, na sasa ndiye mlenga shabaha bora wa kikundi chao cha wawindaji. Aliponikaribia, alikuwa ameacha kucheka.

"Hivi wewe Oddgeir una akili timamu kweli? Nilikuwa nimekulenga! Nimekulenga, unanisikia? Kilichokuokoa ni kahawa. Nikajiuliza, elgi gani huyu ana chupa ya kahawa?"

Nikamweleza kuhusu visima. Akasema utotoni alichota maji mwendo wa saa tatu kwenda, saa tatu kurudi, na hakuna siku mtu alimpigia makelele kwenye bonde lake la kuwindia ili kumsaidia. Kwa kelele zangu elgi wote walikuwa wamevuka mlima hadi bonde la pili. Watu kumi na moja, likizo ya mwaka mzima, na hakuna hata kwato.

Watu wengine hawana shukrani.

Nyumbani nimefungua simu. Kamera ilikuwa imeinamia chini: saa mbili za picha ya jiwe lenyewe. Sauti ni nzuri lakini.

Jumamosi, 21 Oktoba

Fadumo naye alikuwa na simu! Kabla ya kucheka alinirekodi. Video yake ni ya nusu dakika: elgi amekunja nne anakunywa kahawa, mbwa anabweka, elgi anapanda mti, elgi anadondoka, mto mmoja unapasuka, manyoya yanatanda kama theluji. Chini ameandika: "Huyu hatukumpiga, hakuwa na kosa ila ujinga. Lakini ametukimbizia wanyama wote, kwa hiyo kesho sisi wawindaji kumi na moja tunabeba makopo. Bado watu wanane. Nani anakuja?"

Hadi saa sita mchana nusu ya nchi imeshaiona. Wanane wakapatikana kabla sijamaliza chai. Kumi na moja na wanane! Hesabu fanyeni wenyewe. Gunnvor amepiga simu analia kwa furaha, kisha akadai mito.

Nimemwambia nilipanga hivyo tangu mwanzo.

Kuna dosari moja. Fadumo alikuwa nyuma yangu. Video nzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ni makalio.

Jumapili, 22 Oktoba

Mmoja wa wale wanane amepata homa, na Gunnvor amenikabidhi kopo lake. Sikubishana. Nimekubali kwa masharti: nivae vazi. Bila kichwa, maana pembe zilivunjika pale msonobarini.

Nyumba ya mwisho Skogli ilikuwa ya Bibi Borghild, miaka tisini na moja. Maandazi tayari, jamu tayari, pesa tayari ndani ya bahasha. Akanitazama usoni muda mrefu. Hanijui. Nikamwambia jina. Halijui. Kisha akasema, "Hebu geuka, mwanangu."

Nikageuka.

"Aaa! Kumbe ni wewe!"

Akapiga makofi. Akasema yeye na marehemu mumewe hawakuwahi kukicheka kichwa hata siku moja, kichwa kilikuwa kinasema maneno tu. Walikuwa wanasubiri nyuma ipige teke. Akaniomba nipige. Nikapiga, kwa mguu mbovu. Akacheka hadi akashika ukuta, akasema hajacheka hivyo tangu amzike mzee. Nikapiga tena, bila kuombwa.

Bibi wa watu, uzee umemchanganya.

Jumatatu, 23 Oktoba

Frode amepiga simu. Baada ya miaka tisa! Kampeni inatutaka sote wawili mwakani. Tena amesema nivae mimi kichwa, yeye atakaa nyuma, ni zamu yangu, alipaswa kuniambia zamani.

Niliguswa. Dakika nzima niliguswa. Kisha nikamkumbuka Bibi Borghild, nikaelewa. Mjanja yule! Ameshajua kicheko kiko wapi. Anataka kuniibia makalio yangu!

Nimemkatalia. Nimemkatia simu. Mwakani naingia msituni peke yangu, kichwa mimi, nyuma mimi, siku ya kwanza kabisa ya uwindaji, watu wakiwa wengi. Gunnvor ameshaniletea ile fulana ya rangi ya chungwa, ameikunja vizuri, ameiandika jina langu.

Nimeitumia kujazia makalio, badala ya ule mto uliopasuka.