Kamati ya Kula kwa Niaba

Wakazi wa mtaa wa Kanyenye walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba, kuanzia Jumatatu, njaa imepigwa marufuku mjini Tabora. Ulikuwa mwaka ule wa ukame, unga tunaupangia foleni, na kila kiwanja kimeamriwa kilimwe. Ikaundwa Kamati ya Haki ya Chakula, mwenyekiti Ndugu Kasimiri, mtu wa kitambi cha wastani na majukumu mazito.

Uwanja wa nyuma ya duka la Velji, pale misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikitua mizigo zamani, walipewa vijana wajifunze kilimo. Waliahidiwa kwamba watakachovuna watakula. Batuli, binti wa miaka kumi na mitano, aliishika ahadi hiyo kwa mikono miwili, maana wadogo zake walikuwa wakilalia uji mwepesi. Kila alfajiri alichota maji kisimani, akamwagilia mchicha na bamia mpaka vikastawi.

Siku ya mavuno Kamati ilifika na vikapu.

"Shikamoo, mwenyekiti," alisema Batuli. "Na sisi fungu letu?"

"Marahaba, mwanangu. Kulima mmefuzu. Kula ni somo la mwaka wa pili."

"Sasa mchicha huo unakwenda wapi?"

"Kamati itakula kwa niaba yenu."

"Mbona tumbo langu halina habari?"

"Huo ni ubinafsi," alisema Kasimiri, kwa huruma ya kweli.

Jamani, msimwonee Kasimiri! Kula kwa niaba ya mtaa mzima wa vijana si mchezo. Mkanda aliulegeza, akaulegeza tena, na hakuna hata mmoja aliyempa pole.

Hatimaye akaja mkaguzi kutoka makao makuu, Ndugu Luhende, mkutano ukafanyika palepale bustanini. Kasimiri alitoa taarifa kwamba vijana wote wameshiba kwa njia ya uwakilishi. Luhende akatikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza kama kuna maoni. Batuli akasimama.

"Ndugu mkaguzi, Kamati imechoka, inaonekana hata kwa macho. Tunaomba tupokezane. Yenyewe ilime kwa niaba yetu, sisi tule kwa niaba yake."

"Viongozi kushika jembe! Safi sana!" alisema Luhende, huku treni yake ikipiga honi stesheni. "Wanaoafiki?" Akawa wa kwanza kunyoosha mkono.

Sasa Kasimiri alikuwa mtu wa vikao. Miaka yote, akiona mkono wa mkubwa uko juu, wake hupanda wenyewe. Ukapanda. Wajumbe wake walipouona wa mwenyekiti, nao wakanyoosha. Hoja ikapita bila kupingwa.

Alfajiri iliyofuata Kasimiri alionekana kisimani na ndoo mbili, akihema. Alilima, akapalilia, akamwagilia. Mchicha ulipokomaa, Batuli na wenzake walifika na vikapu.

"Batuli, mwanangu," alisema Kasimiri, mkanda sasa ukiwa umekazwa kwa kamba. "Na mimi fungu langu?"

"Shikamoo, mwenyekiti. Kulima umefuzu kabisa," alisema Batuli, akajitwika kikapu. "Lile somo jingine, vuta subira mwakani."

Jioni hiyo wadogo zake walikula kwa niaba ya Kamati, wakaongezwa, wakala tena.