Mke Aliyefia Kwenye Kadi

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Karatu yote imepumzika na watu wake. Mimi nimepumzika na jiko la mkaa. Baridi kali, ukungu mpaka mlangoni. Nimepika ugali mwingi kupita kiasi. Mazoea mabaya: nilikuwa mpishi wa kambi ya mahema, na mkono wangu haujakubali kwamba sasa napikia mtu mmoja.

Mchana nimeshuka studio. Dada Nafisa hafungi sikukuu, maana watalii wanaokwenda kreta hawaijui Sabasaba. Yeye ndiye anayetuchapia sisi wachoraji wa hapa. Unampelekea mchoro, anaupiga skana, kisha mashine yake, ndefu kama kitanda, inautoa upya kwenye turubai, nakala baada ya nakala. Unasaini kila moja kwa mkono wako. Zamani ukiuza mchoro umeuaga. Siku hizi unauza na bado unabaki nao. Mimi nimebaki na wangu, na nakala zake zote.

Unaitwa Nyumba na Ng'ombe Mmoja. Umening'inia karibu na choo tangu Aprili. Pembeni yake kuna kazi ya Sankale, Mmasai mwenzangu, anayechora makundi ya ng'ombe kwenye vumbi jekundu. Wageni wanajaa kwake kama mifugo kisimani. Kwangu wanapita wakiulizia choo.

Nafisa anasema kosa si la rangi. Kila picha ukutani ina kadi ya maelezo, mistari michache tu: nani kachora, na kwa nini. Yangu peke yake haina. Nimeahidi kuileta. Kwa nini nilichora? Swali gani hilo la kumuuliza mtu mzima.

Jumatano, 9 Julai

Nimepata njia. Nimesoma kadi za wenzangu zote. Huyu anapenda mila zetu, yule anapenda twiga. Hakuna hata mmoja anayelia! Nikakaa chini nikaandika: "Nyumba hii aliijenga marehemu mke wangu kwa mikono yake. Ng'ombe alikuwa wake. Tangu aondoke sijaweza kuchora kitu kingine."

Sijapata kuoa. Lakini kadi haikuuliza.

Nafisa aliisoma polepole. Akaniwekea mkono begani. Kisha akauondoa mchoro wangu kule chooni, akautundika mbele, ukitazamana na mlango. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunigusa bega bila kutaka nimpishe.

Akataka kuongeza jina la marehemu. Nikamwambia kwetu jina la aliyekufa halitajwi. Na ni kweli tupu. Mila zina faida zake.

Alhamisi, 10 Julai

Sikutegemea haya. Niliwatega wageni, wamenasa wenyeji. Madereva wa watalii wanawasomea wageni wao kadi kwa sauti, na habari imefika sokoni kabla yangu. Hasani wa duka la nafaka ameniuzia unga tangu mwaka juzi. Leo ameniuliza jina langu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanifungia sukari, akasema sote ni wa Mwenyezi Mungu.

Alasiri amekuja Mama Dorkasi, mwenye nyumba wangu, na wenzake wa kwaya. Wamefagia chumba. Wameimba. Mmoja alilia sana, nikamsaidia kulia.

Wa mwisho alikuwa Sankale. Alinisalimia kwa Kimasai, akaniita ndugu wa rika. Alisema siku zote alidhani nina majivuno kwa sababu sisalimii watu, kumbe ni majonzi. Sikumrekebisha. Alikaa mpaka mkaa ukawa majivu.

Jumamosi, 12 Julai

Msiba umechangamka. Mama Dorkasi ameniazima viti vitatu na havitoshi. Nimepika chai sufuria nzima, ikaisha. Kuna raha gani kusikia watu wanagombania kikombe chumbani kwako!

Shida ndogo imetokea. Walipouliza chanzo cha kifo, nilimwambia Mama Dorkasi ni homa. Hasani nilimwambia ni nyati. Baadaye nikakumbuka kwamba hao wawili huongea. Ikabidi niunganishe: alishikwa na homa, akatoka nje kutafuta hewa, na huko nje alikuwepo nyati. Wote wamekubali. Wamesema alikuwa mwanamke mvumilivu.

Nafisa amepita jioni. Alipokwisha kuondoka ndipo nikakumbuka kwamba sikumuuliza kama nakala imeuzwa hata moja.

Walipokwenda wote, chumba kikawa kikubwa. Nikamkumbuka mke wangu. Nikakumbuka kwamba hayupo. Kisha nikakumbuka kwamba hakuwahi kuwapo.

Jumanne, 15 Julai

Balaa. Dada yangu Sinyati ametoka kwetu Kakesio bila taarifa, ameleta mbuzi wa kuuza. Alipita kwa Hasani kununua unga, Hasani akampa pole kwa kufiwa na wifi yake. Alikaa juu ya gunia la maharage akalia. Alilia kwa kufiwa, na zaidi alilia kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba nilioa.

Akafika kwangu chumba kikiwa kimejaa. Watu wakasimama kumpisha. Yeye akanitazama. Mimi nikalitazama jiko. Nikawahi kusema kwamba asiulize jina, kwetu jina la marehemu halitajwi, anajua.

Akafuta macho kwa ncha ya shuka.

"Jina halitajwi, sawa," alisema. "Ng'ombe wa mahari hutajwa. Walikwenda boma la nani?"

Nikasema Piyaya. Akauliza Piyaya kwa nani. Nikasema kwa mtu mmoja hivi. Akauliza nani aliwapeleka, maana ng'ombe wa baba wote yeye anawajua kwa rangi, na hakuna aliyepungua.

Nikasikia chai inachemka. Sankale akaweka kikombe chake chini taratibu, kama kitu kitakachovunjika. Akatoka. Wakafuata wengine. Hasani hakuniangalia. Mama Dorkasi alichukua viti vyake vyote vitatu, na kimoja nilikuwa nimekikalia.

Sinyati amebaki. Amepika, tumekula. Nilitegemea anigombeze. Akaniuliza jambo moja tu.

"Kama ulitaka watu, kwa nini hukurudi nyumbani?"

Nilimjibu kwamba kazi ya sanaa inataka utulivu.

Ijumaa, 18 Julai

Dada aliondoka juzi. Tangu hapo hakuna aliyebisha hodi. Mama Dorkasi ananipita uani kama vile mimi ni upepo.

Leo Nafisa ameniita studio. Nikabeba mfuko wa kurudishia nakala zangu, nikijua nafukuzwa. Aliichana ile kadi mbele yangu. Alisema kila nakala inayotoka pale ina saini yangu, lakini pia ina jina lake, na nimewaaibisha madereva mbele ya wageni wao. Nikanyoosha mkono niushushe mchoro. Akanizuia. Alisema mchoro haukudanganya mtu, uliodanganya ni mkono wangu. Akanipa kadi tupu, akaniambia niandike kweli.

Nilikaa karibu na mashine asubuhi nzima. Ilikuwa inachapa ng'ombe wa Sankale, anatoka pembe, anatoka nundu, anatoka mwingine. Mwisho nikaandika: "Niliichora Februari. Sikuwa na mtu wa kumwonyesha."

Nafisa aliisoma, akairudia. Akaichapa vilevile, hakuhamisha hata nukta, akaibandika chini ya picha, palepale mbele ya mlango.

Mchana akaja mgeni, bibi mwenye mvi. Dereva akamtafsiria. Bibi alisimama hapo muda mrefu, akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena. Halafu akauliza mchoraji yuko wapi.

Nilikuwa nyuma ya mashine. Nilibaki huko nimeinama mpaka gari lao lilipoondoka. Hakununua. Ukweli hauna soko, nilimwambia Nafisa.

Jumapili, 20 Julai

Kwaya imeimba ng'ambo ya barabara, si kwangu. Nimepika makande.

Saa za mchana mtu akasimama mlangoni. Sankale, na kibuyu cha maziwa. Nilimweleza mapema, asije akasema sikumwambia: hapa hakuna marehemu.

"Najua," alisema. "Nimekuja kula."

Akaketi kwenye ndoo, kwa kuwa viti hakuna. Alikula akaomba tena. Alisema makande yangu yana chumvi nyingi. Alisema mkewe amerudi kwao Loliondo tangu masika, na sasa hivi nyumbani kwake hata mbwa halali ndani. Tukanywa maziwa. Tukazungumza juu ya rangi nyekundu, ipi inapauka ikichapwa na ipi haipauki. Jua lilipoteremka akasema atakuja Jumatano.

Alipoondoka nililifikiria jambo hili kwa makini. Mtu hapandi kilima chote kile kwa ajili ya makande yenye chumvi. Haiwezekani! Ni mabaki ya ile huruma tu, na huruma ni kama mkaa, usipoongeza unazima. Kwa hiyo ifikapo Jumatano lazima niwe nimepatwa na jambo. Kifo kimeshaharibika. Ugonjwa una hatari, Mama Dorkasi ana dawa za mizizi na hana utani.

Nimeamua kuchechemea. Mguu wa kushoto. Nimefanya mazoezi kutoka kitandani mpaka mlangoni na kurudi, huku najitazama kwenye kioo cha kunyolea. Naenda vizuri sana. Mara ya mwisho nilijionea huruma mpaka ikabidi nikae.