Hauki Mkubwa kwa Mashua ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Siku tukufu! Mama mkwe amekata shauri. Mwaka wa pili huu tangu mzee afariki, mimi na shemeji Oiva, kaka wa mke wangu, tunaigombea mashua yake ya makasia kama mbwa wawili na mfupa mmoja. Leo mama ameweka kikombe cha kahawa mezani, akasema masikio yake yamechoka. Atakayemletea hauki mkubwa zaidi kufikia Jumapili saa sita mchana ndiye mwenye mashua. Oiva avue asubuhi, mimi alasiri. Asubuhi ya Jumapili tumeipigia kura kwa njiti. Nimeipata mimi! Mungu hamtupi mja wake.

Oiva ni daktari wa ng'ombe mstaafu. Anajua ng'ombe. Hauki ni samaki mwenye mdomo wa bata, meno ya msumeno na hasira za karani wa kodi. Huyo anahitaji akili. Akili ninayo.

Jumanne, 4 Juni

Nimejificha na darubini nyuma ya banda la sauna, la kuogea mvuke, saa mbili nzima. Mbu wamenila hadi kope. Lakini siri nimeipata: Oiva anatupa chambo cha bati chekundu.

Changu ni cha fedha. Nyumbani hakuna rangi nyekundu ila ile ya kucha za Pirkko, mke wangu. Nimepaka mikono mitatu. Kimeng'aa kama midomo ya bibi harusi!

Alasiri nimerusha mara mia na kumi. Nimepata jani la yungiyungi.

Jumatano, 5 Juni

Pirkko ameikuta chupa ya rangi ya kucha karibu tupu. Leo alikuwa na mazoezi ya kwaya. Amekwenda na kucha nyekundu za mkono mmoja tu. Nilimweleza kwamba hayo ni matumizi ya kisayansi. Amesema chakula cha jioni pia kitakuwa cha kisayansi: nitafute mwenyewe kilipo.

Mkate mweusi mkavu na tango. Sikulalamika.

Kwenye maji, hauki mmoja amekifuata chambo changu hadi ubavuni mwa mashua. Tukatazamana. Akageuka, akaenda zake polepole, kama mtu aliyeingia duka la bei mbaya. Angalau wekundu ameuona!

Alhamisi, 6 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Nimevuta mkono nyuma nirushe mbali kuliko siku zote. Chambo hakikwenda mbele. Ndoana ya makucha matatu imenishika pale mtu anapokalia. Nimepiga makasia hadi gatini nimepiga magoti, kama muumini.

Zahanati iko kilomita arobaini, na kwenye gari mtu hukaa. Pirkko akampigia simu kaka yake. Oiva akaja na mkoba wake wa ng'ombe. Akanilaza kifudifudi kwenye benchi la sauna, akanambia, "Tulia, shemeji. Fahali wa jirani Kauppinen alipiga kelele kidogo kuliko wewe." Akaing'oa vizuri, lazima nikiri. Akakataa hata kahawa. Ila akaniuliza, kwa upole kabisa, hauki wa mwaka huu wanapenda nini, maana kile chekundu hakijampa kitu.

Hakijampa kitu! Mbu wangu wote bure!

Nikamwambia, nikiwa bado kifudifudi, kwamba wanakula njano tu, na chambo kiwe kikubwa kama kiatu. Akanishukuru kwa moyo. Mjinga akipewa njia, hupotea kwa furaha. Nimecheka hadi kidonda kikauma.

Ijumaa, 7 Juni

Oiva amepata hauki wa kilo tano na gramu mia nane. Chambo cha njano, kikubwa kama kiatu.

Amekuja mwenyewe kunishika mkono. Amesema hakujua kuwa nina roho safi kiasi hicho. Mama mkwe alikuwepo, akafuta machozi. Pirkko hakufuta machozi. Alinitazama tu. Yule mwanamke ananijua.

Jumamosi, 8 Juni

Njano, basi! Dukani vyambo vya njano vimekwisha: Oiva amekisimulia kijiji kizima na kutaja jina langu. Nimechukua buti langu la mvua la kushoto, la njano, nikakata pua yake, nikatia ndoana sita. Kazi ya siku nzima, nikiwa nimesimama.

Pirkko amesema kesho atakuja kupiga makasia, kwa kuwa mimi siwezi kukaa. Mke mwema ni huyo.

Jumapili, 9 Juni

Buti linaelea. Sikulifikiria hilo.

Saa nne limenasa kwenye matete. Nikashuka, maji yakanifika kifuani, nikaanza kufungua ndoana moja moja. Pirkko alichoka kuningoja. Akatoa chambo kidogo cha shaba alichonunua jana kwenye kituo cha petroli, alipokwenda kuchukua maziwa. Akakirusha mara mbili. Mara ya pili ufito wa kuvulia ukapinda, naye akaita, "Tauno, toka njiani!" Hauki akapita baina ya miguu yangu kama gogo lenye haraka. Nimepiga kelele. Wanasema zimesikika kanisani.

Kilo saba na gramu mia moja!

Nikamwambia mama mkwe tumeshinda. Mama akauliza nani kavua. Nikasema swali hilo ni gumu. Pirkko akasema si gumu hata kidogo. Basi mashua ni ya Pirkko. Oiva amepewa Jumanne na Alhamisi. Mimi nimepewa makasia.

Tumemla hauki kwa viazi vipya na siagi, sote meza moja, mara ya kwanza tangu msiba. Oiva aliimba. Mama mkwe akachangamka hata akatangaza kwamba mwezi wa nane, atakayemchumia matunda ya kinamasini mengi zaidi ndiye atakayerithi banda la sauna.

Nimemvuta Oiva pembeni, nikamwambia, kwa uchungu wa kujitia, kwamba baridi ya Mei imeunguza maua yote ya matunda hayo kwenye kinamasi cha kaskazini, asijisumbue kwenda huko. Amenishukuru sana. Amenikumbatia.