Filta Mbili, Kura Moja

Habari ililetwa na Tobias, ambaye hapo kwenye benchi la chai Ruiru wote humwita Redio kwa sababu hazimiki.

"Mmesikia? Huko Thika jamaa amebadilisha mafuta ya gia, gari ikakufa hapo hapo! Ati yale mafuta machafu ndiyo yalikuwa yanashikilia giaboksi."

Ephantus aliweka kikombe chini. Gari lake lilikuwa pale mbele juu ya jeki, tumbo wazi, mafuta yote ya gia yamemwagwa kwenye karai. Wiki nzima lilikuwa likisita kila likitiwa gia, na kesho ilikuwa siku ya kupeleka ruracio, yaani mahari, Murera. Tena alikuwa ameshawatangazia wakwe kwamba mamake atafika kwa gari la mwanawe.

"Redio, si ungesema kabla nimwage?"

"Mimi hutangaza. Sitabiri."

"Wachana na yeye, Bwana Harusi," alisema Muoki, fundi, akijifuta mikono. "Mafuta mpya, filta mpya, hii kitu itaenda kama treni."

"Treni ya Ruiru?" Ndila muuza chai aliuliza, akigeuza chapati. "Basi mtafika wakati wa ruracio ya mtoto wenu wa kwanza."

Benchi zima likacheka isipokuwa Ephantus.

"Filta mpya iko wapi?" Muoki aliangaza chini. "Niliiacha hapa kando ya ile mzee."

Hapo ndipo alipotokea Gachau, muosha magari, ameshika filta mbili zikichuruzika maji, uso umejaa tabasamu. Gachau huosha chochote kinachotulia mbele yake. Juzi alimwoshea Ndila makaa.

"Nimewasaidia," alisema. "Zote nimepiga sabuni."

"Wee Gachau! Mpya huoshwa?"

"Ilikuwa na vumbi ya duka."

Muoki alizigeuza moja moja. Moja iling'aa kidogo kuliko mwenzake, basi. "Boksi yake iko wapi?"

Ndila alitazama jiko. "Ile karatasi ngumu? Si ndiyo imeivisha hizi chapati mnakula."

Redio alinusa. "Hii inanuka sabuni." Akanusa ya pili. "Hii pia."

"Tununue ingine!" Ephantus alilia.

"Hiyo ilikuwa ya mwisho dukani," alisema Muoki, "na mwenyewe amefunga, ameenda matanga."

"Basi hii ni nchi ya demokrasia," alisema Redio. "Tupige kura."

"Kura? Ngai! Hii ni giaboksi!"

"Hata nchi huendeshwa hivyo, na inasonga."

Ndila akaleta maharagwe: jeupe kwa inayong'aa, jekundu kwa iliyofifia. Kila mtu akatumbukiza lake ndani ya birika tupu, amegeuza uso. Ephantus aliipa iliyofifia. Ile nyingine ilimtia wasiwasi, kitu kipya hakijipendekezi hivyo. Lakini birika lilipomwagwa, meupe yalikuwa manne na jekundu moja.

"Wananchi wameongea," alitangaza Redio.

Muoki akafunga filta iliyoshinda, akarudisha trei ya chini ya giaboksi, akajaza mafuta mapya na kushusha gari. Ephantus akawasha, akatia gia huku akiomba kimoyomoyo. Gari likasita, likatetemeka, likasogea kidogo kisha likazimika.

Gachau akajikuna kisogo.

"Kusema ukweli, hiyo ndiyo ilikuwa mzee. Ndiyo niliisugua sana."

"Ulijua?" Ephantus alitoka garini mbio. "Na ukaipigia kura?"

"Kazi yote hiyo ya mikono yangu itupwe, bro?"

"Kwa nini hukusema?"

Gachau alinyoosha kola ya shati lake lililolowa. "Kura ni siri."

Redio akakumbuka ana mgonjwa wa kutazama Kiandutu. Muoki akaangalia makopo ya mafuta mapya, yote matupu, akakumbuka kuandamana naye. Ephantus alibaki ameegemea boneti, akatoa simu, akampigia dadake.

"Rachael, mwambie mum kesho avae viatu vya kutembea."