Sanduku Limekufa, Samaki Wako Sawa

Leo nimevuliwa nguo mbele ya wakwe. Suti nilikuwa nayo mwilini, na tai pia, lakini nimevuliwa. Ninaandika haya nikiwa nimejifungia chumbani, na Akinyi, mke wangu, yuko sebuleni anacheka peke yake. Afadhali mlisikie kwangu kabla halijawafikia kutoka Asumbi, maana huko wataongeza chumvi.

Mnalikumbuka lile sanduku langu? Lile jeusi, saizi ya mkate, lenye diski mbili ndani na vitaa vya kijani, ambalo kila mgeni akija kwangu Migori lazima nimwonyeshe hata kama hakuuliza. Picha na video zote za nyumba hii zinakaa humo. Diski moja ikifa, nyingine ina kila kitu. "Hii nyumba haiwezi kupoteza kitu," ndivyo nilivyokuwa nikisema. (Mdomo huu utanizika.)

Baba mkwe alipofariki mwaka jana, niliwaambia wakwe zangu wote: leteni video za Mzee niziweke kwangu, kisha mfute kwenye simu zenu, mnajaza simu bure. Wakaleta. Wakafuta. Hata ile video kubwa niliyompiga mimi mwenyewe, Mzee ameketi kwenye kiti chake akieleza ukoo wao na kuwabariki wajukuu, niliifuta kwenye kamera nikaiacha sandukuni. Kwa hiyo sauti ya yule mzee ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, chini ya meza ya runinga yangu.

Na leo ndiyo ilikuwa kumbukumbu yake. Misa nyumbani, chakula, halafu "orwa atatuonyesha Mzee." Orwa ndiye mimi, mkwe wao. Mama mkwe alikuwa ameshawaambia majirani. Mimi aliniambia kwa simu, "Hotuba za watu mimi sitaki. Nataka tu kusikia sauti yake."

Sasa sikilizeni.

Juzi Akinyi aliletewa samaki kutoka Mbita, wakubwa, wa kupeleka kwao. Friji ikajaa. Stima nayo ikaanza mchezo wake, inazima, inawaka, inazima. Tuna friji gadi moja tu, kile kidude cha kukinga vyombo umeme ukirudi kwa nguvu, na kilikuwa kwenye sanduku. Nikafikiri kama mkwe mwema: samaki wa wakwe wakioza, nitaweka wapi uso wangu? Nikakihamishia kwenye friji.

Stima ikarudi kwa hasira. Nikasikia "tap!" Kisha harufu ya plastiki inayoungua. Vitaa vyote vikazima.

"Akinyi!"

"Nini?"

"Sanduku limekufa!"

Nikasikia mlango wa friji ukifunguliwa na kufungwa. "Samaki wako sawa," akajibu.

Mimi niliketi pale sakafuni nikalipapasa lile sanduku. Nilianza kupanga uongo: nitasema flashi imeibwa, nitasema nimeugua malaria, nitasema gari limekataa kuwaka. Kisha nikamkumbuka mama mkwe na ile simu yake, nikaona aibu hata ya kupanga.

Jana nikakimbilia kwa Robi, fundi wa kompyuta hapa mjini, dada Mkuria asiye na muda wa kubembeleza mtu. Alilifungua, akanusa, akakunja uso.

"Hii diski moja imechomeka kabisa. Hii ingine inapumua kidogo tu."

"Lakini si moja ikifa, nyingine inabaki?"

"Zote zilikuwa nyumba moja. Nyumba ikichomeka, moto inauliza hiki ni kitanda ya nani?" Akanitazama. "Copy ingine uliweka wapi?"

"Hiyo ndiyo copy."

"Copy ya nini?"

"Ya... hiyo yenyewe."

"Robi dada yangu," nikasema, "humo ndani kuna sauti ya marehemu. Mke wake anaingoja kesho." Robi akavuta stuli akaanza kazi.

Leo asubuhi akanipigia. Nilifika kwake kabla hajamaliza chai. Video zimerudi! Si zote, lakini nyingi. Nusura nimkumbatie.

"Ngoja kwanza," akasema. "Majina yote yamepotea, zimekuwa namba tu. Keti hapo uangalie moja moja, mwanzo mpaka mwisho. Usibebe tu kama viazi."

Sasa ningeketi vipi? Akinyi alikuwa nje kwenye gari na samaki wake, nimevaa suti, na misa haimngoji mkwe. Pi! Pi! Anapiga honi. Nikafungua ya kwanza: mbuzi. Ya pili: harusi ya binamu. Ya tatu: Mzee! Kiti chake, kofia yake, anakohoa kidogo kabla ya kuanza. Niliangalia kidogo tu, machozi yakanitoka, nikaitia kwenye flashi nikatoka mbio. (Mwisho? Nani anaangalia mwisho?)

Tulipita Rongo, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine mfukoni kuhakikisha flashi ipo. Akinyi akaniambia nitatugongesha. Nikamwambia asiongee na mimi, ninambeba baba yake.

Asumbi tulipokelewa vizuri. Hema limesimama, viti vimejaa, na runinga kubwa ya shemeji yangu Ochieng iko mbele juu ya meza. Misa ikaisha. Nikaingizwa sebuleni, nikaletewa heshima yangu: kuku.

Nieleze kidogo hapa. Kwa wakwe zangu, mkwe hupikiwa kuku, na mama mkwe hakai naye mezani, ndiyo heshima yenyewe. Kwa hiyo mama mkwe wangu husoma sahani. Ikirudi jikoni na mifupa mitupu, anajua binti yake aliolewa na mtu mzuri. Na sahani yangu, tangu nioe, hurudi hivyo. "Orwa anapenda kuku yangu sana," huwaambia watu, na kila mwaka huniongezea. Leo alinipa kuku nusu nzima. Nilitafuna mpaka taya zikauma. Paja moja likanishinda kabisa, nikalifunga kwa kitambaa nikalitia mfukoni mwa koti.

Kisha tukaitwa hemani. Ochieng akachomeka flashi.

Mzee akatokea. Akakohoa kile kikohozi chake, akaanza: mimi ni fulani mwana wa fulani. Sauti ileile nzito. Mama mkwe alikuwa mbele kabisa, akaweka mkono mdomoni, akafumba macho ili asikie tu. Mzee akataja babu zake, akawabariki wajukuu kwa majina, akainua mkono. Watu wakasema amina. Ochieng akanishika bega, "Orwa, umefanya kazi." Moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu juzi.

Video ilipaswa kuishia hapo. Niliikata hapo mimi mwenyewe.

Haikuisha.

Mzee kwenye runinga akashusha mkono, akauliza, "Umemaliza?" Sauti yangu ikajibu, "Nimemaliza, Baba." Mzee akainuka akatoka kumsindikiza mgeni. Kamera, niliyosahau kuizima, ikabaki juu ya kabati inaangalia meza. Yawa! Kumbe kulikuwa na video mbili sandukuni, ile niliyoikata na ile mbichi, na mimi nimebeba mbichi. Shemeji mmoja akaonekana akiweka sahani mbili mezani, yangu na ya Mzee. Kuku. Na mimi nikaonekana nikiangalia mlangoni, kushoto, kulia.

Hapo nikaikumbuka siku ile yote kwa mpigo.

"Ochieng, zima."

"Ngoja orwa, bado inaendelea."

"Ochieng, zima hiyo kitu!"

Mimi wa kwenye runinga nikainama chini ya meza. "Simba," nikaita kwa sauti ya chini, ambayo kwa runinga ya Ochieng ilifika mpaka barabarani. "Simba, kuja. Nisaidie ndugu yangu. Huyu kuku alikuwa na kitambulisho."

Kipande cha kwanza kikaenda chini. Cha pili. Cha tatu. Mkia wa Simba, mbwa wa Mzee, unaonekana ukipepea kwa furaha. Kisha nikapanga mifupa vizuri kwenye sahani (nikapanga!), nikajipangusa mdomo ambao haukuwa na kitu, nikatoka kwenda kunawa.

Padri aliinama kama mtu anayesali, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Akinyi alijifunika uso kwa leso. Mimi niliangalia ardhi na kuiomba ifunguke. Mama mkwe sikuthubutu kumtazama. Mama wa watu ameomba kitu kimoja tu, nami nimemletea hiki.

Lakini video bado. Mzee akarudi, akaketi mbele ya sahani yake. Akaangalia mlangoni. Akaangalia sahani yangu. Kisha taratibu akateremsha mkono wake chini ya meza, na kipande kimo. Akaongea kwa Dholuo, nawatafsiria:

"Simba, wewe umeshiba lakini nisaidie na mimi. Nimemla kuku wa huyu mama tangu nikiwa na meno. Meno yameenda, yeye bado anapika vilevile. Nimwambie? Hapana. Akinuna, hii nyumba yote inakuwa baridi. Kula, na usiseme."

Ndipo video ikaisha.

Nikasikia sauti kutoka mbele, nikajua mama mkwe analia. Nikainua macho. Alikuwa anacheka! Anacheka mpaka ameshika nguzo ya hema, machozi yanamtiririka. "Mwongo!" anasema. "Huyu mzee ni mwongo! Ndiyo maana ile mbwa ilinenepa!" Akinyi aliniambia baadaye kwamba hajamsikia mama yake akicheka hivyo tangu mazishi.

Akajipangusa uso. "Ochieng, rudisha. Nataka kusikia tena."

Sasa Ochieng hajui kurudisha kidogo. Kila akirudisha, anaangukia mimi. "Simba, kuja. Nisaidie ndugu yangu." Tena. Na tena. Kufikia mwisho watoto wote wa boma walikuwa wanaisema pamoja nami, na padri naye midomo inacheza.

Nikainuka nijifiche nyuma ya hema. Sikufika mbali.

"Orwa," mama mkwe akaita mbele ya watu. "Hapo mfukoni umebeba nini?"

Niliangalia koti langu. Doa la mafuta, pana kama kiganja. Ningesema nini? Nikalitoa lile paja.

Wengine walianguka kutoka kwenye viti, na sisemi kwa mfano.

Tulipokuwa tunaondoka, mama mkwe alileta kuku hai amefungwa miguu, akamweka kwenye gari mwenyewe. "Huyu ni mdogo," akasema. "Hata kitambulisho hajachukua." Kisha akashusha sauti. "Ero kamano, orwa, asante sana. Umeniletea mzee wangu mwenyewe. Ile ya hotuba ni ya watu."

Flashi akabaki nayo, kaifunga kwenye pindo la leso. Na akatoa amri: video itumwe kwa kila simu ya ukoo, na nisikate hata kidogo. Robi nimempigia, anasema nakala nzuri ni ile iliyo sehemu nyingi. Basi, nakala yangu sasa iko Asumbi nzima, na inaelekea Rusinga. Ikikufikia, cheka polepole. Lakini tafadhali, usifute.