Jogoo wa Mzee Premji

Jumatatu, 3 Juni 2024
Baba Abati katangaza: bruda mmoja wa monasteri yetu atakwenda India, akakae na watawa wa Kihindu, ajifunze wanavyosali. Atakayemchagua ni mzee Premji, mlezi wa hekalu la Wahindu hapa Tabora. India! Mimi sijavuka hata Ziba, humu humu mkoani. Naitaka safari hii! Bruda Sixbert tayari kakunja miguu mkekani, kafumba macho. Eti anatafakari. Anasinzia, namjua!

Jumanne, 4 Juni
Mkono mtupu haulambwi. Shangazi Theodora kaniletea jogoo kutoka Puge, wa kuchinjiwa mkwe; mbuzi wake, beberu mkubwa, kamwacha nyumbani. Nikampeleka kwa mzee Premji, kafungwa kamba miguuni. Shikamoo mzee, jogoo wako huyu. Ndipo nikakumbuka: nyumba hii hawali nyama! Jasho. Lakini mkwe wa mzee, Bhumika, machozi yakamtoka. Akasema kumbe bruda nimemwokoa jogoo na kisu! Nikasema ndiyo, kwa taabu kubwa.

Alhamisi, 6 Juni
Mzee kampigia Abati simu kunisifu! Leo tumetafakari pamoja hekaluni, mzee, Sixbert na mimi. Jogoo naye yupo, shada la maua shingoni, anakula dengu. Kila Sixbert akifumba macho, jogoo anawika. Ndege mwenye akili!

Mara kaingia shangazi, akinitafuta. Kamwamkia mzee vizuri, kisha kauliza kwa sauti ya mnadani kwa nini jogoo hajachinjwa hadi leo. Kama kisu ni butu, yeye anacho kikapuni. Bhumika akamziba jogoo masikio. Mzee akaniuliza kwa upole nilimwokoa na nani hasa. Nikajibu: na shangazi. Shangazi kanizaba kofi. Hekaluni!

Jumamosi, 8 Juni
Kachaguliwa Sixbert. Nimelia. Mzee Premji hana kinyongo, kaomba tu jogoo aishi kwetu hadi afe kwa uzee, nami nimhudumie. Abati kakubali: huyu ni mgeni wa majadiliano ya dini, asiguswe. Kapewa nafasi chini ya kitanda changu.

Jumapili, 16 Juni
Sixbert kaondoka. Jogoo kaniamsha kabla ya kengele, tena.

Abati kadokeza kwamba mwakani kuna safari nyingine, na mzee Premji ndiye atakayechagua. Mara hii sikosei! Nimekunja miguu, nimetafakari kweli, kosa nimeliona. Mtu mzito vile, mimi nikampelekea kuku! Nimempigia shangazi simu, nikamwomba radhi. Kisha nikamuulizia yule beberu.