Ukurasa Mbaya wa Kitabu cha Kuku

Jumatatu, 10 Juni 1996
Likizo imeanza. Darasa langu la nne limetoka mbio, na usomaji wameuacha darasani pamoja na chaki. Nawajua. Mwaka jana walirudi Julai wakisoma kama watu wanaovuka mto kwa kupapasa mawe. Sasa Mwalimu Yotham, mwalimu mkuu wetu, ametangaza: tukifungua, darasa litakalosoma vizuri zaidi, mwalimu wake atatumia baiskeli ya shule. Mwalimu Verdiana wa darasa la tatu akatabasamu. Mimi ndiye ninayetembea kila siku kutoka mwisho wa kijiji cha Magamba. Baiskeli ni yangu.

Jumatano, 12 Juni
Nimekwenda Mpanda mjini kutafuta vitabu vya hadithi. Havipo. Nimepata kimoja tu, cha ufugaji wa kuku, jalada limeng'oka. Verdiana yeye anakaa uani kwake na watoto, wanapukuchua mahindi na kusomeana kwa zamu. Basi. Hana mbinu yoyote. Namwonea huruma.

Ijumaa, 14 Juni
Nimewaita wanafunzi wangu kibarazani. Nimewaonyesha kitabu kwa mbali. Nimesema kina ukurasa mmoja mbaya, mtoto hapaswi kuusoma. Sikutaja upi. Kisha nikakisahau hapo makusudi, nikaingia ndani kunywa uji. Nilipotoka, hakipo. Uji haujawahi kuwa mtamu hivyo!

Jumatano, 19 Juni
Kitabu kinazunguka. Wanakisoma zizini, nyuma ya kanisa, mashineni wakisubiri unga. Wakimaliza wanaanza upya, maana ukurasa mbaya hawajauona. Mmoja amenishtakia mwenzake kwamba ameuchana. Nimemwambia aangalie vizuri.
Hata Nyanzala anasoma, binti wa Mzee Masunga, mfugaji. Baba yake ameshasema mwaka huu ndio mwisho: miaka minne shuleni na bado hasomi, bora achunge ng'ombe. Mimi mwenyewe nilishamkatia tamaa.

Jumapili, 23 Juni
Balaa. Mzee Masunga amekuja na fimbo. Mbele yake Nyanzala na kitabu mkononi, nyuma yake wazazi waliotoka kanisani, na Mwalimu Yotham. Mzee akasema amesikia ninagawa matusi kwa watoto. Nikasema ni kitabu cha kuku. Hakuna aliyeniamini. Hata mimi nisingejiamini.
Mzee hajui kusoma. Akamwamuru binti yake asome hayo matusi, watu wote wasikie.
Nyanzala akasoma. Namna ya kuandaa kiota. Dalili za ugonjwa wa mdondo. Sauti ndogo, hakwami, na kwenye nukta anapumzika. Akafika chini ya ukurasa, akasimama.
"Endelea," baba yake akasema.
Akaendelea. Mzee Masunga akaketi kibarazani kwangu, fimbo ameilaza chini. Baadaye akamuuliza Mwalimu Yotham shule inafunguliwa lini. Akaambiwa.
"Ng'ombe nitawachunga mwenyewe," akasema.
Wakaondoka. Hakuna aliyenishukuru. Mwalimu mkuu amenikaripia kwa kuwadanganya watoto, na nimewaomba radhi wazazi wote, mmoja mmoja. Lakini niandike ukweli: yule mtoto alipokuwa anasoma, nilisahau baiskeli kabisa. Kwa muda.

Jumatatu, 8 Julai
Shule imefunguliwa, kamati nzima ya shule imekuja kusikiliza. Darasa la Verdiana limesoma vizuri, taratibu. Langu limesoma vizuri zaidi, tena kitabu kigeni kwao, kwa uchu wa ajabu. Tulikuwa tumeshashinda. Kisha mwanafunzi wangu mmoja akanyoosha mkono, akamuuliza Mwalimu Yotham kwa heshima zote: hiki nacho, ukurasa wake mbaya ni upi?
Baiskeli amepewa Verdiana. Amenifuata kwa upole, akanishauri likizo ya Desemba nikae tu na watoto, tusome pamoja. Nimemshukuru sana.

Jumanne, 9 Julai
Nimetafakari njia nzima, kwa miguu. Verdiana amenipita akapiga kengele. Kosa langu nimeliona. Lilikuwa ni matusi. Matusi yanawaudhi wazazi. Mtu lazima achague jambo ambalo halitamsumbua mzazi yeyote. Nimesikia ofisi ya kilimo wana kijitabu cha ufugaji wa nyuki, nacho hakina jalada.
Desemba nitasema kina uchawi.